Paa la Madrasa na Mali ya Kamari

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharimishia vilivyo vibaya. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Imetufikia barua katika darasa yetu kutoka kwa ndugu mmoja wa Nakuru, naye ametutaka tumjibu kwa maandishi ili jawabu iwafae na wengine. Asema kwamba mtaani kwao wana madrasa ambayo kuta zake zimesimama tangu miaka mitatu, na paa bado. Watoto husoma chini ya turubai, na mvua za Nakuru, kama ajuavyo kila aliyekaa chini ya mlima Menengai, si mvua za mchezo. Sasa ametokea kijana wa mtaa huo huo, aliyesoma katika madrasa hiyo hiyo, ameshinda fedha nyingi kwa kubashiri mechi za mpira wa Ulaya katika simu yake. Naye yu tayari kutoa mabati, na mbao, na ujira wa mafundi, kwa sharti moja tu: jina la marehemu babake liandikwe juu ya mlango. Kamati imegawanyika. Baadhi ya wazee wasema kwamba fedha haina dini, na watoto wanalowa. Wengine wasema haifai. Na watu wa mtaani wanawalaumu hao wa pili kwamba wanakataa neema iliyowajia mlangoni.

Mwisho wa barua yake ndugu huyo ameongeza maneno machache, ambayo kwangu mimi ni mazito kuliko yote ya juu. Asema kwamba papo hapo yuko kijana mwingine, mwana wa mjane wa Mombasa, aliyepelekwa bara kusoma. Karo ya muhula mzima aliyotumiwa na mamake aliipoteza katika mchezo huo huo. Na sasa hasomi, wala hathubutu kurudi nyumbani.

Haya yaonekana kuwa masuala mawili, nayo kwa hakika ni suala moja. Tutalijibu, Inshaallah, kwa kadiri ya tulivyosoma.

Kwanza yapasa tukijue kitu chenyewe, kwani watu wa siku hizi wamekipa majina mengi hata kisijulikane. Wengine hukiita kubeti, wengine kubashiri, na ile orodha ya mechi ambayo mtu huichagua na kuilipia wameiita "mkeka". Akishindwa, husema mkeka wake umechanika. Neno ambalo wazee wetu wa pwani walilijua kwa kitu kisukwacho kwa ukindu, kikatandikwa watu wakasali juu yake, leo kijana hulitamka na sala imempita. Lakini hukumu ya sheria haifuati majina, yafuata maana. Kamari, na neno lenyewe ni la Kiarabu, *qimar*, ni kila mapatano ambayo mwenye kuingia ameiweka mali yake baina ya mambo mawili: ama apate mali ya mwenziwe bila ya badili, ama yake ipotee bila ya badili. Hapana kilichouzwa, hapana kilichonunuliwa, wala hapana kazi iliyofanywa.

Mwenyezi Mungu ameitaja katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91. Ameiweka safu moja na ulevi, na masanamu, na mishale ya kupigia ramli, akaihesabu katika kazi za shetani na kutuamrisha tujitenge nayo; kisha akatuonyesha makusudio ya shetani kwayo, nayo ni kututilia uadui na kutukatia njia ya kumdhukuru Mola wetu na kusali. Na Mtume s.a.w., katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemuamrisha mtu aliyemwita mwenziwe waje wacheze kamari kwamba atoe sadaka. Fikiri, ewe msomaji: huyu bado hajacheza, hajaweka senti, ametamka tu, na kutamka kwenyewe kwataka kafara. Basi itakuwaje kwa mwenye kuweka asubuhi na jioni?

Husemwa: "Huu si mchezo wa bahati, ni mchezo wa ujuzi. Mimi nazijua timu, namjua nani ameumia na nani ameuzwa." Jawabu yake ni nyepesi kwa mwenye kusoma fikihi. Michezo yenyewe si haramu. Mtume s.a.w. alishindanisha farasi Madina, na alishindana mbio na Bibi Aisha r.a. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mashindano ya farasi na ya kutupa mishale yajuzu hata kwa zawadi. Zawadi ikitolewa na kiongozi au na mtu wa nje, yafaa. Na ikitolewa na mmoja wa washindani peke yake, yafaa. Lakini wakiweka wote wawili, kila mmoja fungu lake, na atakayetangulia achukue yote, hiyo ni kamari nayo haifai, ila aingie wa tatu asiyeweka kitu, ambaye farasi wake alingana na wa kwao. Naye ndiye aitwaye *muhallil*. Sasa tazama. Hao ni watu wapandao farasi wao wenyewe, waliowalea na kuwazoeza, wala ujuzi wao hauna shaka. Na bado sheria imewazuia kuwekeana. Basi vipi mtu aliyeketi kibandani Kaptembwo au Bondeni, akaiweka fedha yake juu ya miguu ya watu wachezao Uingereza, ambao hawamjui wala hawakumwomba? Ikiwa mwenye farasi ujuzi wake haukumhalalishia, mwenye kutazama utamhalalishia nini?

Pili, nadhani si hilo lililoigawanya kamati. Wazee wote wale wajua kwamba kamari ni haramu. Lililowagawanya ni manufaa: wameona mabati mapya kwa macho yao, na watoto wakavu chini yake. Na hoja ya manufaa si mpya. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu mwenyewe amekubali kwamba katika ulevi na kamari mna faida kwa watu, kisha akahukumu kwamba dhambi yake yazidi faida yake. Faida ipi? Wafasiri wametueleza. Waarabu wa zama za Jahilia, ilipokuwa baridi na njaa, walikuwa wakinunua ngamia, wakamchinja na kumgawa mafungu. Kisha wakitia mishale 10 katika mfuko: 7 ina hisa, na 3 ni mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu ndiye aliyelipa thamani ya ngamia. Na walioshinda hawakuila nyama ile. Waliwapa maskini, wakajifakhiri kwayo, na asiyeingia katika mchezo wakamwita bahili.

Basi kamari ile ilikuwa ni chakula cha maskini wakati wa njaa. Hapana mcheza kamari wa leo awezaye kuleta hoja nzuri kuliko hiyo. Hata hivyo Mwenyezi Mungu hakusema, "Mishale iacheni, nyama ileni"; aliiharimisha kamari yote pamoja na sadaka yake, na maskini akawawekea zaka, mali itokayo katika kilichochumwa kwa njia iliyo wazi.

Yanayofanyika kwetu ni hayo hayo, ila mfuko wa mishale umekuwa simu. Tangu mwaka 2007 fedha zetu zapita katika simu kwa M-Pesa, na hilo ni jambo jema kwa mfanyabiashara, kwa mzazi na kwa msafiri. Mwaka 2014 ikaanza Kenya kampuni ya SportPesa, na nyingine nyingi zikafuata, nazo zikaipita njia hiyo hiyo. Haikumlazimu mtu tena kwenda mahali pa kamari na kuogopa kuonekana. Kamari ilimfuata kitandani kwake. Kisha kampuni hizo zikaanza kugawa nyama. Vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vikadhaminiwa. Jina la kampuni likavaliwa kifuani na Everton ya Uingereza, na mwezi wa Julai 2017 Everton ikaletwa Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, na watu wakasema, "Tazama faida!" Lakini mwaka 2019, Serikali ya Kenya ilipozisimamisha leseni za kampuni 27 kwa ugomvi wa kodi, kampuni hiyo iliufunga mkono wake, na vilabu vile vikubwa vikabaki bila ya mdhamini, hali jina lake mwaka 2020 likarudi sokoni. Aliyeshibishwa na mkono wa kamari huona njaa siku mkono ule ukifumbwa.

Na wenye serikali wenyewe, ambao si kwa aya wala hadithi waliamua, wameyaona madhara. Uganda, mwanzo wa mwaka 2019, ilitangazwa amri ya Rais kwamba zisitolewe tena leseni mpya za kamari ya michezo. Kenya, mwezi wa Aprili 2025, bodi ya kusimamia kamari iliyasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Na mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya mahali pa ile ya mwaka 1966. Na uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017, waliowauliza vijana wa nchi kadha za Afrika kwa simu, ulikuta kwamba Kenya imewatangulia wenzake: katika kila vijana 100 walioulizwa, 76 walisema wamepata kucheza kamari. Hiyo si safu ya kwanza ya kujifakhiria.

Tatu, nataka tupige hesabu, kwani mtu huenda asiitikie waadhi akaitikia hesabu. Tuseme timu mbili zimelingana sawasawa. Haki ni kwamba aliyeweka shilingi 100 akashinda alipwe 200. Kampuni haifanyi hivyo. Humlipa, kwa mfano, 185. Watu wawili wakiweka 100 kila mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, kampuni imepokea 200, imelipa 185, na 15 zimebaki kwake, ashinde nani ashindwe nani. Basi wachezao kamari ni wale wawili. Mwenye kampuni huuza tu kiwanja chao. Na katika ule mchezo mkubwa wa kubashiri mechi 17 kwa mara moja, kwa kuwa kila mechi ina mwisho wa namna tatu, kushinda, kushindwa na sare, njia za kuzipanga mechi hizo zazidi milioni 129. Mmoja akishinda, picha yake hubandikwa kila pembe. Walioshindwa hawapigwi picha.

Na fedha ya aliyeshinda imetoka wapi? Haikushuka mbinguni, wala mwenye kampuni hakuitoa katika mali ya babake. Imechangwa na walioshindwa: mpagazi wa sokoni, mchuma maua wa Naivasha, utingo wa matatu, mwalimu aliyekopa, mwanafunzi wa Njoro. Siwezi kusema kwamba shilingi hii khasa iliyomo katika mabati yale ni ya mwana wa mjane wa Mombasa. Lakini ikiwa si yake, ni ya mwenziwe mwenye mama mfano wa mamake. Wazee wa kamati wakipokea paa lile, watakuwa wamewafunika watoto wa Nakuru kwa karo za watoto wa watu wengine. Ndiyo maana nikasema kwamba masuala yale mawili ni suala moja.

Na lililozidisha uzito ni mkopo. Zamani mcheza pata potea, fedha zikimwisha mfukoni, alikwenda zake nyumbani. Leo fedha zikimwisha, simu hiyo hiyo humkopesha papo hapo, kwa ziada itakayohesabiwa juu yake. Akaikopa, akaiweka, ikaenda. Kamari imepandishwa juu ya mabega ya riba, na maasi mawili yakaingia nyumba moja kwa mlango mmoja.

Wala mtu asidhani kwamba balaa hii ni ya kwetu pekee, au kwamba wenye elimu na mali wamesalimika nayo. Marekani wana michezo ya vyuo, mpira wao wa miguu na mpira wa kikapu, itazamwayo na mamilioni ya watu. Na wachezaji wake ni wanafunzi. Mwaka 1951 iligunduliwa New York kwamba wanafunzi wa City College na wa vyuo vinginevyo walipokea fedha za wacheza kamari ili wapunguze magoli yao kwa makusudi. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuyazuia majimbo kuiruhusu kamari ya michezo, isipokuwa machache yaliyokuwa nayo tangu mbele. Na mwezi wa Mei 2018 mahakama yao ya juu kabisa ikaibatilisha, na tangu hapo majimbo mengi yamefungua mlango. Na tusiende mbali. Kericho ni jirani ya Nakuru. Timu ya huko iitwayo Zoo iliondolewa katika Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2021, kwa hukumu ya FIFA, kwa sababu ya matokeo yaliyopangwa. Na mwaka mmoja kabla yake FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliocheza katika ligi ya Kenya kwa kosa la namna hiyo, mmoja wao kwa maisha yake yote. Basi huo ujuzi ajivunao mcheza kamari hukutana na mechi iliyokwisha kuuzwa. Na mpira, uliokuwa ni mazoezi ya mwili na furaha ya vijana, wageuka kuwa soko ambalo mchezaji humshuku mwenziwe, na mtazamaji humtukana mlinda mlango aliyemwangushia mkeka wake. Uadui uliotajwa katika Suratul Maida huu hapa, wauona kwa macho.

Nne, nawaomba wazee wa kamati waikumbuke nyumba iliyo bora kuliko madrasa zote na misikiti yote. Miaka mitano kabla ya Mtume s.a.w. kupewa utume, Makureshi walitaka kuijenga upya Al-Kaaba. Nao walikuwa washirikina, waabudu masanamu, na kamari ilikuwa mchezo wao. Hata hivyo walipatana wasiitie katika nyumba ya Mungu ila mali safi: isiingie fedha ya uzinzi, wala ya riba, wala iliyodhulumiwa mtu. Mali safi ikawapungukia. Matajiri walikuwa tele Makka, na fedha ya kuongezea haikuwa mbali. Hawakuongeza. Waliona heri kuipunguza nyumba, wakaiacha nje sehemu ya upande wa Hijri. Na Mtume s.a.w. alimweleza Bibi Aisha r.a. kwamba kilichowafanya waiache ni kupungukiwa na fedha. Mpaka leo kila mwenye kuhiji aiona sehemu ile, imezungushiwa ukuta mfupi, haina paa.

Basi, enyi wazee, nyumba ya Mwenyezi Mungu imekaa miaka zaidi ya 1,400 na sehemu yake haina paa, kwa sababu watu wa Jahilia waliistahi kuitia mali chafu. Madrasa yenu ikikaa mwaka mmoja zaidi chini ya turubai, si aibu yenu.

Ama hukumu ya kijana mwenye mali hiyo, tutaieleza kwa mafungu mawili.

Ikiwa bado acheza, na mali hii ailetayo ni hisani yake, ataka dua na ataka jina la babake mlangoni, basi isipokewe. Mwenyezi Mungu ni mzuri wala hapokei ila kizuri. Na mwenye kupokea kwa niaba ya nyumba Yake asipokee asichokipokea Yeye. Na madhara ya pili ni makubwa zaidi. Watoto 100 watapita chini ya mlango ule kila siku, na kila mmoja atajua paa limetoka wapi. Hapana mwalimu atakayeweza tena kusimama chini ya bati lile akawasomesha kwamba kamari ni haramu, bati litamjibu. Wala marehemu babake hatafaidika. Mwana ataka kumzawadia mzazi, naye amzawadia jasho la wengine.

Na ikiwa ametubu, basi toba ina masharti yake: kuliacha jambo mara moja, kujuta kwa kuwa amelifanya, kuazimia asilirudie, na kuitoa haki ya mtu iliyo mkononi mwake. Asili katika fikihi yetu ni kwamba mali ya kamari hurudishwa kwa mwenyewe. Lakini wenye mali hii ni maelfu, wala hawajulikani. Mali ambayo mwenyewe hajulikani wala hatarajiwi kupatikana, Imam Ghazali ameeleza, na Imam Nawawi akayanukuu maneno yake, kwamba hutolewa katika maslaha ya Waislamu wote, kama madaraja na mfano wake, au hupewa mafakiri. Na katika maslaha hayo wameitaja hata misikiti. Lakini sisi, kwa tahadhari, twaona mahali pa kusalia na pa kusomea Qurani pasiingizwe, maadam kuna mengine ya kuifanya. Wako wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa deni, kuna mitaa isiyo na maji, kuna barabara zilizokatwa na mafuriko. Na aitoe kwa nia ya kujivua mzigo, si kwa nia ya sadaka. Bila ya jina, bila ya picha, na bila ya kutangazwa baada ya sala ya Ijumaa. Thawabu yake, kwa rehema ya Mola, ni ya toba yake. Kisha akifanya kazi ya halali akaja na bati moja, moja tu, alilolinunua kwa jasho lake, lipokeeni kwa mikono miwili na mwombeeni babake.

Tano, na ndilo tulilolichelewesha makusudi: yule mwana wa mjane. Nimestaajabu kwamba katika barua ndefu ya kurasa tatu, aliyeshinda ametajwa katika kurasa mbili na nusu, na aliyeshindwa katika mistari minne. Hivyo ndivyo tulivyo sote. Kamati imekutana mara ngapi juu ya paa? Imekutana mara ngapi juu ya kijana huyo?

Enyi wazee, huyo ndiye amana yenu. Mfuateni kabla ya kufuatwa na wakopeshaji. Mtu mzima mwenye busara akae naye, amsikize bila ya kumkaripia, ahesabu naye madeni yote, kwani mcheza kamari huficha nusu. Simu yake ifungwe njia hiyo, na fedha zake kwa muda zipite katika mkono wa mwaminifu. Na jueni kwamba katika mafungu manane ya zaka liko fungu la wenye madeni. Na wanazuoni wa madhehebu yetu wamesema kwamba hata aliyekopa kwa maasi, akitubu toba ya kweli, na akawa hana cha kulipia, hupewa katika fungu hilo. Hii ndiyo rehema ya sheria: imeifunga njia ya mali ya mshindi isiingie nyumba ya Mungu, na imeifungua mali ya zaka imfikie aliyeshindwa. Sisi twataka kuyageuza yote mawili: mshindi twampa mlango wa kuandika jina, na aliyeshindwa twamfungia.

Nawe mwanangu, ikiwa karatasi hii itakufikia huko uliko: usiifuate hasara yako. Shetani atakwambia kwamba mkeka mmoja tu wakutosha kuirudisha karo na kufuta aibu. Ndivyo alivyomwambia kila aliyepoteza. Karo ya mamako imekwenda. Wewe bado hujaenda. Mpigie simu. Mwambie kweli yote kwa mara moja, wala usiigawe. Mama aliyelia kwa kweli ya mwanawe ni bora kuliko anayecheka kwa uongo wake.

Nanyi wazee wetu wa Mombasa, na Malindi, na Lamu, msiisome barua hii mkasema, "Hayo ni mambo ya bara." Nakuru ni mji mkuu leo, wa nne kupewa daraja hiyo katika Kenya, tangu Desemba 2021; watoto wetu wako huko, wengine kwa biashara, wengine kwa masomo. Na simu ya Nakuru ndiyo simu ya Mombasa. Ketini barazani baada ya Isha, muwasikize vijana waliojiinamia katika mwanga wa simu, mtasikia majina ya timu na mikeka. Basi mzazi mwenye mtoto chuoni na ailipe karo moja kwa moja kwa chuo, asiipitishe mkononi mwa kijana wa miaka 19 na kumtia katika mtihani. Amuulize mtoto wake juu ya kamari kama amuulizavyo juu ya sala. Na mwenye duka asiwaambie vijana, kwa mzaha, "Leo umeweka timu gani?" Mzaha wa mkubwa ni ruhusa kwa mdogo.

Ama paa, ndugu yetu wa Nakuru, hatukukusudia kukupa fat'wa na kukuacha na mvua. Tumeafikiana katika darasa yetu kwamba kila mtu atoe kadiri awezavyo katika chumo lake la halali, na kila msomaji atakayetaka aingie pamoja nasi. Huenda likapatikana paa zima, huenda ikapatikana nusu. Ikiwa ni nusu, ezekeni nusu, na watoto wakae upande huo, mpaka Mwenyezi Mungu alete nyingine.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako, na kwa fadhila Yako tusimhitaji asiyekuwa Wewe. Warudishe vijana wetu waliopotea, wafungulie riziki zao, na zitulize nyoyo za mama zao. Amin.

Wallahu aalam.